Uchambuzi wa kisa: nyumba ya watu sita Kisumu na swali la "leo tunakula nini?"

Kwanza

Hiki kisa ni cha familia moja hapa Kisumu. Wamekubali nikiandike mradi wasijulikane, kwa hivyo majina nimebandika tu, mtaa sitaji, na kazi za wazazi nimezigeuza kidogo bila kuharibu maana. Mimi nilikuwa nafundisha sayansi kimu, siku hizi nakaa na kina mama wa vikundi tunapanga matumizi ya jikoni, na hii nyumba nilianza kuifuata mwezi wa kwanza shule zikifunguliwa hadi likizo ya mwezi wa nane. Nimeichagua juu ni nyumba ya kawaida kabisa. Hawalali njaa na hawana pesa za kuchezea, wanapendana vizuri tu, lakini chakula cha jioni kilikuwa kimegeuka kuwa saa ya kukasirikiana.

Nyumba yenyewe

Mama Akinyi ana kibanda cha nguo za watoto karibu na stendi, anafunga saa kumi na mbili jioni. Baba Akinyi ni dereva wa matatu ya Busia, akiwahi sana ni saa tatu usiku, na siku zingine analala huko huko. Watoto ni watatu: Akinyi miaka 14, Ochieng 10, na kitinda mimba Awuor 5. Alafu kuna Dani (ndo nyanya kwa Kijaluo), mama yake baba, alitoka Siaya kuja kutibiwa presha akabaki. Wako na friji ndogo ya mlango mmoja yenye kafriza kadogo juu, meko moja, na jiko la makaa pale veranda.

Venye ilikuwa

Mama Akinyi akishuka tuktuk jioni anasimama kwa mama mboga na hapo ndo anaanza kufikiria. Sukuma ya mbao (shilingi ishirini), nyanya nne, kitunguu, mafuta ya kupima, mayai matatu manne, labda unga juu hakumbuki kama uko. Anafika saa moja na kitu. Watoto walirudi saa kumi na nusu wakanywa chai na mkate nusu nzima, kwa hivyo hawana njaa ya maana ila wamechoka. Ugali unaiva karibu saa mbili na nusu. Saa hio Awuor amelala kwa kochi na viatu, Ochieng anakula akiangalia tivii, Akinyi amebeba sahani hadi chumbani na simu, na Dani alishakula kitambo viazi vya mchana kwa sababu ya dawa zake. Mama anakula jikoni amesimama. Baba akifika anapata sahani imefunikwa.

Mara mbili tatu kwa wiki uchovu unashinda, inanunuliwa chipsi na kuku kando ya barabara.

Mama Akinyi hakunijia akisema chakula cha jioni kinanishinda. Alikuja akisema pesa haionekani inaenda wapi. Alikuwa anaamini chakula kinakula kama 500 kwa siku. Nikamwomba aandike kila shilingi ya chakula kwenye daftari la mtoto, wiki mbili, bila kubadilisha kitu, na ikatoka karibu 780 kwa siku, yaani 5,400 na kitu kwa wiki. Hakukuwa na kitu kimoja kikubwa cha kulaumu. Ilikuwa ni mafuta ya kupima kila siku, unga kilo moja moja, nyanya tatu tatu, na zile chipsi. Na vyakula vya kutupwa navyo, wali uliolala, sukuma iliyogeuka manjano, maziwa yaliyoganda.

Mpango wa kwanza, wa kwake

Kabla hatujakaa vizuri yeye akawa amejipanga. Alitoa menyu kwa simu, ya mama fulani wa Marekani, akaipeleka saiba ikachapishwa kwa rangi, akaibandika kwa mlango wa friji. Siku saba, vyakula saba tofauti, kila siku na jina lake la kuchekesha. Tambi za kuoka na chizi, kuku wa limau, nyama ya kusaga ya kufungwa ndani ya mkate mwembamba, hivyo hivyo. Wazo lilikuwa watoto wachangamke.

Jumatatu walichangamka kweli. Kisha Jumanne stima ikapotea kutoka mchana hadi usiku, na nyama ya kusaga ya siku mbili ikaanza kunuka. Jumatano alifika nyumbani saa moja na robo akaangalia ile karatasi, inataka kitu cha dakika hamsini ambacho hajawahi kupika maisha yake, akafunga mlango wa friji akachemsha mayai. Karatasi ilibaki pale wiki nzima, na Ochieng akawa anaisoma kwa sauti kila jioni kama mtangazaji wa redio, "Leo wapendwa wasikilizaji tuna kuku wa limau", huku wanakula sukuma. Hio ndo ilikuwa burudani pekee iliyotoka kwa mpango huo, na Mama Akinyi hakufurahia.

Pesa iliyoenda supamaketi wiki hio pekee ilipita ya kawaida kwa zaidi ya elfu moja.

Mpango wa pili, na sababu zake

Tulikaa Jumamosi jioni, na sharti langu lilikuwa moja, wote wawe sebuleni, hata Baba. Kila mtu ataje vyakula viwili ambavyo akivikuta mezani anafurahi, na kimoja tu ambacho kweli hakimshuki. Kimoja, juu Ochieng alikuja na orodha ndefu.

Alipofikiwa Dani alinyamaza kidogo akasema, "Nyathina (mwanangu), kwani na mimi nahesabiwa? Nilidhani mimi nalindwa tu." Watu walicheka lakini kicheko kilikuwa na aibu ndani. Huyu mama amepikia watu miaka yote hio Siaya, na tangu aje hakuna mtu alimuuliza chochote jikoni, kwa heshima eti apumzike.

Na ni Dani ndo alifungua mpango. Alisema osuga (mnavu) na dek (mgagani) wanazonunua wanazipika vibaya, zinapikwa na kuliwa siku hio hio zikiwa chungu ndo maana watoto wanakataa. Kwao mboga chungu inachemshwa, inatiwa maziwa, inalala, kesho inarudishwa kwa moto na maziwa mengine, na siku ya pili au ya tatu ndo inakuwa tamu. Nilimwangalia Mama Akinyi nikaona amenielewa kabla sijasema. Hii kupika leo kwa ajili ya kesho wanayotafuta kwa simu iko kwao tangu zamani, na mwenye kuijua analala chumba cha pili.

Basi tukapanga hivi. Tuliacha kutaja sahani kamili, kila siku ikapewa aina tu:

Jumapili baada ya kanisa ni Kibuye, soko likiwa limejaa. Jiko la makaa linawashwa mchana, maharagwe yaliyolowekwa usiku wa Jumamosi yanachemshwa sufuria kubwa, na mboga za Dani zinaanza safari yao pembeni. Jumatatu ni ugali na hizo mboga, ziko tayari, ni kusonga tu. Jumanne ni maharagwe yale yale, yanakaangwa, na wali. Jumatano ni omena au mayai. Alhamisi ni siku ya kumaliza friji, kila kilichobaki kinatoka mezani, na kama hakuna kitu ni uji mzito na viazi vitamu, hakuna anayelaumiwa. Ijumaa ni chapo na ndengu. Jumamosi haina mpango, ni chochote Baba amekuja nacho.

Kwa nini aina na sio sahani? Juu Mama Akinyi akisimama kwa mama mboga jioni ya Jumatano, swali lililobaki ni dogo, omena ama mayai, na jibu analipata kwa bei ya siku hio. Ubongo wa saa moja jioni hauna nguvu ya maswali makubwa. Kwa nini Alhamisi na Jumamosi ziko wazi? Juu mpango uliojaa siku zote saba unavunjika na mgeni mmoja, na Kisumu wageni hawapigi simu.

Kulikuwa na uamuzi mwingine ambao naona watu wengi hawaufikirii, ule wa saa kumi na nusu. Chai na mkate ilipunguzwa. Badala yake ndizi, nduma, kiazi, kitu cha kushika roho tu, na chakula kikasogezwa kiwe saa moja na nusu. Hio ndo iliwezekana juu siku nyingi nusu ya kazi imeshafanywa. Awuor akaanza kula akiwa macho.

Baba naye alipewa kazi inayolingana na njia yake. Anapita Luanda, kwa hio barabara ya Busia, kila siku, ndizi na avokado pale ni bei nzuri kuliko mjini, kwa hivyo matunda ni yake. Hakuna aliyemwambia awe mezani saa moja na nusu, ingekuwa ni kumtafutia kosa.

Upande wa usalama niliweka sheria chache nikawa mkali. Maharagwe yakipoa yanagawanywa kwa mikebe midogo, ya Jumanne chini kwa friji na ya ziada kwa friza. Stima ikipotea muda mrefu mlango haufunguliwi ovyo. Chochote kinachorudi mezani kinachemka kwanza, sio kupata joto tu. Na wali haulali nje kwa sufuria, juu kuna bakteria inayobaki hai hata baada ya wali kuiva, inazaana ukikaa na joto la nyumba na inaacha sumu ambayo hata ukipasha haitoki. Dani alibisha hio ya wali sana, akasema wamekula kiporo miaka yote. Tukakubaliana kiporo kilale kwa friji, akaridhika.

Mezani

Hapa ndo kulikuwa na kujaribu na kuacha, na nitakaa hapa kidogo.

Mama Akinyi alianza na maswali ya kadi, mambo ya "taja kitu kimoja unachoshukuru leo". Akinyi aliangalia dari. Ochieng alishukuru hewa. Siku ya pili alishukuru hewa tena. Zikaachwa.

Halafu kikapu cha simu, kila mtu aweke simu yake ndani kabla ya kula. Kikavunjwa na Mama mwenyewe, juu wateja wake wanatuma pesa na kuulizia saizi usiku, na Akinyi akaona ni sheria ya watoto pekee. Ikabadilishwa, simu zote juu ya friji zikiwa na sauti, ikilia ya biashara mwenyewe anainuka anaenda kuongea nje. Hio imeshika, sio asilimia mia.

Kilichofanya kazi kweli ni vyeo. Awuor alipewa kunawisha watu mikono, jagi na beseni na taulo begani, anaanza na Dani kama inavyotakiwa, anazunguka, na akikuruka leo unajua umemkosea mahali. Huyu mtoto wa kulala na viatu sasa ndo anaita watu mezani, "Biuru wachiem!" (njooni tule) hadi majirani wanasikia. Ochieng akapewa kusukuma chapo Ijumaa. Zinatoka na umbo la nchi ambazo hazijulikani, wanabishana hii ni Uganda ama ni Somalia, zinaliwa. Akinyi alipewa muziki wa Ijumaa, wimbo mmoja kwa kila mtu, na Dani alipoulizwa akataka D.O. Misiani, benga ya zamani, Akinyi akaitafuta huku amekunja uso, ikaanza, na Dani akacheza mabega akiwa ameketi. Tangu siku hio Akinyi anakuja Ijumaa bila kuitwa, ingawa siku zingine bado ni kuvutana.

Na kuna sigana, yaani hadithi. Zamani kwa Wajaluo watoto walikuwa wanapata hadithi jioni kwa nyumba ya nyanya, siwindhe, na Dani ni mtu wa hio enzi. Hakuna aliyempangia. Jumatatu moja stima ilipotea katikati ya ugali, tivii ikazima, akaanza hadithi ya zimwi na wasichana walioenda kutafuta kuni, akaikata katikati akasema amechoka. Siku iliyofuata Ochieng ndo alizima tivii.

Kuhusu Ochieng na omena, nilimweleza mama yake wazo la Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, kwamba mzazi anaamua chakula ni nini, saa ngapi na wapi, na mtoto anaamua atakula ama hatakula, na kiasi gani. Kwa hivyo omena inawekwa mezani, kuna ugali na avokado ambavyo anakula, hakuna kubembelezwa, hakuna kutishwa, hakuna kupikiwa yai la pembeni. Kwa mama wa Kikenya hii ni mtihani, kuangalia mtoto anakula ugali na avokado na wewe unyamaze. Alinyamaza, karibu. Ilichukua wiki nyingi, na kilichosaidia ni Dani kukausha omena kwa sufuria hadi ikawa inavunjika mdomoni ndo akaweka nyanya pembeni. Ochieng anakula sasa, anatoa vichwa kimoja kimoja anapanga kando ya sahani. Osuga bado hataki kabisa.

Aprili

Mwezi wa nne mpango ulipigwa pande mbili. Omena ilipotea na iliyopo ikapanda bei, juu huu ni wakati ambao uvuvi wa omena hufungwa ziwani ili zizaane. Na shule zikafungwa, binamu watatu wakaja kutoka mashambani na mchele wao nusu gunia na matumbo yao.

Jumatano ikawa mayai, kisha ndengu, na hapo ndo nilifurahi tuliandika aina na sio sahani. Lakini saa ya saa moja na nusu ilivunjika kabisa, watoto sita nyumbani wanakula siku nzima, na bajeti ilirudi ilikokuwa na ikapita. Mama Akinyi aliniambia ameshindwa. Mimi naona wiki tatu za likizo na watoto watatu wa ziada ni hesabu ingine, haihusiani na mpango. Mei waliporudi shule iliendelea ilipoachia bila kikao.

Matokeo

Matumizi ya wiki yalishuka hadi 4,100 hivi, wiki ambazo hakuna wageni. Sehemu kubwa ni chipsi zilizopungua na mafuta kununuliwa mtungi wa lita tatu. Wanakula pamoja jioni nne kwa wiki, tano zikienda vizuri, bila Baba isipokuwa wikendi. Presha ya Dani sitaisemea, hilo ni la kliniki, ila anakula na wenzake na dawa zimehamia saa moja na nusu hio hio baada ya kuulizwa daktari.

Kilichobaki vile vile ni kwamba Mama Akinyi ndo anayekumbuka kila kitu. Watoto wana kazi, Dani ana mboga, Baba ana matunda, lakini kuloweka maharagwe Jumamosi asipotaja yeye hayalowekwi.

Naonaje

Ushauri wa kupanga chakula cha wiki unaoletwa na simu umeandikiwa mtu wa mshahara na friza kubwa. Unadhani mtu ana pesa ya wiki nzima mkononi Jumapili. Baba Akinyi analipwa kwa siku, Mama Akinyi anauza kwa siku, na kuna Jumapili walienda Kibuye na mia nane tu. Nyumba za namna hii zinanunua kidogo kidogo juu pesa inaingia kidogo kidogo, sio kwa sababu hawajui hesabu. Kilichowasaidia ni kugawa: unga, mafuta, mchele, maharagwe na ndengu vinanunuliwa mara moja zamu ya Mama Akinyi ya kupokea pesa za chama ikifika, na vya kuoza vinanunuliwa kila siku, ila akijua tayari anataka nini. Kama ningelazimika kubakisha kitu kimoja katika mpango wote ningebakisha hicho.

Kosa la ile menyu ya kwanza lilikuwa kudhani furaha iko ndani ya chakula kipya. Kwa mtoto wa miaka mitano furaha ilikuwa ndani ya jagi la maji. Na mpikaji aliyechoka akipewa vyakula saba asivyovijua, uchovu wake unakaa mezani na kila mtu.

Wepesi wa hii nyumba kwa kiasi kikubwa ulikuwa Dani, na lazima niseme hivyo wazi ili mtu asiige akashangaa. Kuna mtu mzima nyumbani mchana wa kuangalia makaa. Nyumba isiyo na dani ningeanza na siku mbili tu za kupangwa, sio saba, Jumatatu na Ijumaa, na maharagwe ya kununua yakiwa yamechemshwa tayari kwa wale kina mama wa kando ya barabara, wanapima kwa kikombe na bei yao ukihesabu makaa haiumizi. Isiyo na friji, mboga za maziwa zinachemshwa asubuhi na jioni ili zisichache, maharagwe yanachemshwa ya siku mbili basi, na omena kavu na ndengu zinabeba katikati ya wiki. Na kama baba ndo anafika mapema kuliko mama, basi yeye ndo asonge ugali, hapo sina maelezo ya ziada.